Mikaratusi ya Mwenyekiti

4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, kisha binamu yangu na mume wake, kisha huyo mtukufu mdogo ambaye nasikia ameota meno mawili na ameanza kuyatumia kwa fujo. Sisi huku tu wazima. Baba, ndugu yako, goti lake limetulia, au anasingizia kwamba limetulia ili tusimkataze kwenda shambani. Jana nilimkuta juu ya tuta akimfundisha jirani namna ya kushika jembe, na jirani mwenyewe ana wajukuu. Mke wangu anakusalimu sana. Kila Jumamosi huifungua nyumba yako, akaifagia, akayaacha madirisha wazi hadi jioni. Anasema nikuambie kwamba mlango wa jikoni umevimba kwa unyevu, nami nimemwahidi kwamba nitaurekebisha kabla hujarudi.

Kuhusu kazi ya uratibu uliyoniachia, vikundi vyote tisa vya kuhifadhi udongo viko hai. Wa Mlimani wamemaliza matuta hadi kwenye barabara ya malori, na majani waliyoyapanda juu ya matuta yameshika vizuri, hata mvua ya wiki iliyopita ilishuka ikiwa na adabu. Wa Bondeni wamechelewa kidogo, kwa kuwa mashine ya kusaga ya Mama Mashine iliharibika, na unajua hajazaliwa wa kumwambia aache mashine aje kikaoni. Tarumbeta hajambo. Katika kikao kilichopita aliomba dakika mbili za kuchangia hoja, na akina mama waliokuwa wamebandika maharage walirudi nyumbani wakakuta makaa.

Liko jambo moja. Chemchemi imepungua, tena si kidogo. Ndoo iliyokuwa ikijaa wakati mtu anamsalimu mwenzake, sasa hujaa wakati wawili hao wamekwisha kuusengenya ukoo mzima. Bwana Shamba mpya, kijana mpole anayependa kuchuchumaa na kunusa udongo, alikuja akaizunguka, akaitazama miti iliyo pale, akasema mambo kadhaa ya kitaalamu. Nitakueleza siku nyingine, maana mwenye kuibeba barua hii yuko mlangoni na anaondoka.

Mwanao akupendaye.


26 Februari

Mwanangu,

Salamu zako zimefika zikiwa nzima, na nimezigawa kama ulivyoagiza. Mtukufu mdogo alizipokea zake kwa kuutafuna ukingo wa bahasha. Binamu yako na mume wake hutoka asubuhi na kurudi wamechoka, na katikati ya hapo nyumba hii ya ghorofa ya tatu hubaki mikononi mwangu na mwa huyo mwenye meno. Mwambie baba yako kwamba goti halina siasa. Likimwambia limepona alisadiki, likinyamaza alitilie shaka. Mke wako mshukuru. Mlango wa jikoni usihangaike nao.

Dirisha la jikoni la huku linatazama ua wa nyuma, ambako wapangaji wote humwaga maji ya kufulia. Maji hayo yamejichimbia njia yao wenyewe, na korongo limefika chini ya ukuta wa choo cha uani. Nimelitazama kwa wiki kadhaa pasipo kutamka neno, jambo ambalo utakubali si kawaida yangu.

Sasa turudi kwa huyo mbeba barua wako, ambaye huwa na haraka wakati unaofaa sana. Sentensi yako ilisimama pale kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Niruhusu nikusaidie kuimalizia. Bwana Shamba alisema mikaratusi inakunywa maji ya chemchemi, na mikaratusi iliyo karibu kuliko yote ni yangu.

Nitasema nilivyoyaona mambo, ili atakayezungumza juu ya miti ile azungumze akijua. Nilipoipanda, mlima ulikuwa uchi. Akina mama walikwenda kutafuta kuni upande wa pili na kurudi jua likizama, na niliwahi kuwaamua wawili waliokuwa wakigombana juu ya tawi moja kavu. Wataalamu wa wakati ule walituletea miche kwenye makopo, wakatuambia tupande penye unyevu. Tulipanda. Katika miaka michache kulikuwa na kuni, kulikuwa na nguzo, na paa la shule uliyosomea lilishikwa na miti ile ile. Kwa hiyo, mwenye kutaka kuniambia kwamba nilikosea na aje na hoja zake. Nitazisikiliza hadi mwisho. Ila aje mwenyewe.

Wala usinipigie simu kuhusu hili. Simu ni ya misiba na ya kuuliza basi limefika wapi. Mambo ya ardhi na ya ukoo yanahitaji karatasi, ambayo mtu anaweza kuiweka chini, akatembea kidogo, akairudia.

Shangazi yako.


15 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena, na pole kwa kazi ya kumlea mwenye meno. Huku tumepata mtoto wa ng'ombe, jike, mwenye doa jeupe usoni. Baba amempa jina la heshima ambalo mke wangu amekataa litamkwe ndani ya nyumba. Goti lake amelifunga kitambaa, hasemi kwa nini, nasi hatuulizi.

Kikao kikubwa kilifanyika Jumapili, kwenye ghala la zamani la mazao, na vikundi vyote vilileta wajumbe. Bwana Shamba alieleza vizuri, kwa unyenyekevu, pasipo kumtaja mtu. Baada ya majadiliano marefu, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya Tarumbeta, tulifikia azimio: mikaratusi yote inayoizunguka chemchemi ikatwe, na mahali pake ipandwe mikuyu na mianzi. Wa Mlimani wamejitolea miche, wa Bondeni wamejitolea kuchimba mashimo. Katibu aliwakumbusha watu ile kanuni yako kwamba hakuna jembe wala panga litakalogusa shamba la mtu hadi mwenyewe apige pigo la kwanza kwa mkono wake, na wote walisema kanuni hiyo ibaki kama ilivyo, kwa kuwa ndiyo iliyotuepusha na ugomvi miaka yote hii.

Wenye miti pale chemchemini wamekubali, pamoja na Tarumbeta mwenye shamba kubwa kuliko wote. Waliweka sharti dogo la utaratibu, si zito. Tutaanza mwezi wa tano.

Kwa kuwa nimeutaja mwezi wa tano, nilitaka kukuuliza kama huna mpango wa kuja kututembelea wakati huo. Hali ya hewa huwa nzuri sana. Barabara hukauka, asubuhi kuna baridi kidogo lakini mchana jua ni la wastani, na parachichi huwa nyingi.

Mwanao.


3 Aprili

Mwanangu,

Salamu kwa wote, na ndama mpeni jina linalotamkika.

Nimepata habari kwamba nimekubali.

Habari hizo zilinikuta Jumanne nikianika nguo. Tarumbeta alinipigia simu, ingawa kwa sauti ile sijui mtambo aliuhitaji wa nini, akanipongeza kwa uamuzi wangu wa hekima na ujasiri. Aliniambia kwamba wenye miti wote walisema watakata iwapo Mwenyekiti atakata kwanza; kwamba yeye binafsi aliuliza Mwenyekiti anasemaje; kwamba mratibu alisimama akajibu kuwa Mwenyekiti amekubali; na kwamba ghala zima lilipiga makofi. Nilimwuliza makofi yalikuwa marefu kiasi gani. Akasema ya kutosha. Nilimshukuru, nikaendelea kuanika. Sikutaka kumvua nguo mratibu wa vikundi tisa mbele ya mtu ambaye angeitangaza aibu yake hadi ng'ambo ya mto pasipo kupanda mlima.

Wewe nitakuambia. Sijakubali. Hukuniuliza. Ulinisimulia habari za parachichi.

Katika miaka niliyowatumikia watu wale nilikataliwa mara nyingi kuliko nilivyokubaliwa. Nilikataliwa na wazee wakiwa wameegemea majembe, na wanawake wenzangu wakiwa na watoto mgongoni, na siku moja na mtu aliyekuwa juu ya paa lake, ambaye hakuona haja ya kushuka ili anikatalie. Kila jibu la kukataa nililibeba kama lilivyo, nikalipeleka kikaoni. Wewe unadhani muungano ule umejengwa kwa matuta. Tuta ni kazi ya siku chache. Muungano umejengwa juu ya jambo jembamba mno, nalo ni kwamba mtu wa Bondeni akiambiwa mtu wa Mlimani amekubali, hulala usingizi pasipo kwenda kuhakikisha. Hilo ndilo ulilolikanyaga.

Nenda kikaoni ukaseme. Sikupi maneno ya kusema, maana yangekuwa yangu tena.

Kula vizuri. Baba yako asipande matuta.

Shangazi yako.


22 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Kwanza habari za nyumbani, ili nipate kushusha pumzi: wote wazima, mvua inatosha, mke wangu amenisamehe ingawa bado ananipakulia kwa kijiko kidogo.

Nilikwenda. Niliitisha kikao kabla ya siku yake, nikasimama mbele ya mabenchi yale, nikasema kwamba sikukuuliza, kwamba nililitamka neno ambalo hukunipa, na kwamba hadi saa ile hukuwa umekubali.

Mambo mawili yalitokea ambayo hukuyaona kamwe katika uongozi wako. La kwanza, Tarumbeta alinyamaza. La pili, wa Mlimani walisimama wote pamoja wakaelekea mlangoni. Msemaji wao alisema kwa utulivu kwamba ikiwa habari zinazoletwa kikaoni hazina mwenyewe, basi wao watachimba mtaro wao kutoka kijito cha juu, wajitegemee, na wa Bondeni wajue la kufanya. Unaelewa maana yake. Kijito kile kikigeuzwa, mashamba ya chini yatabaki na vumbi.

Aliyewarudisha ni Mama Mashine. Alisimama, unga ukiwa bado kwenye nyusi, akanigeukia. Kisha akasema: “Mratibu, wewe unamwogopa shangazi yako. Hilo si kosa, sisi sote tunamwogopa. Ungesema tu, tungeogopa pamoja.”

Watu walicheka, Shangazi, hata wa Mlimani, na mtu akishacheka ni vigumu kuendelea kutoka mlangoni kwa hasira. Walirudi wakakaa. Ndipo katibu akaifungua kanuni ile uliyoiandika kuhusu mwenye kuleta habari ya uongo, nami nikahukumiwa kuzoa tope la chemchemi peke yangu, mbele ya wachotaji, hadi wao waseme inatosha. Hawakuwa na haraka ya kusema inatosha. Kila aliyekuja na ndoo alikuwa na ushauri kuhusu namna ya kushika koleo, na baba alijiletea kigoda akaketi kivulini ili asikose kitu.

Ila nikiwa mle ndani, tope likiwa magotini, niliona kingo za kisima kwa ndani, mahali ambapo mchotaji haoni. Mizizi imetokeza kila upande, myembamba kama nywele, mingi kiasi kwamba nilipoishika konzi moja na kuikamua, ilitoa maji. Sikuwa nikimfikiria Bwana Shamba wala kikao. Nilikuwa nikifikiri kwamba hili lilikuwa la kukuandikia tangu siku ile ya kwanza.

Basi naliandika. Shangazi, naomba ukate mikaratusi yako. Ukikataa, nitalipeleka jibu lako la kukataa kikaoni kama lilivyo, na nitabaki kuwa mwanao.


1 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sijapata barua kutoka kwako, na nimemwuliza kila anayetoka mjini, hata wale wasiokujua.

Mwezi wa tano umepita na hakuna mti ulioguswa. Wenye miti wanasubiri kwa raha zao; Tarumbeta hupita chini ya ile yake akiipapasa kama ng'ombe wa maonyesho. Wa Mlimani wametoa muda hadi msimu wa kupanda. Wakifika hapo pasipo badiliko, watachukua majembe waende kijito cha juu, na safari hii sidhani kama kuna kicheko cha kuwarudisha. Mama Mashine naye hachoki kuniuliza kama barua imefika. Huniuliza kwa upole, na huo upole ndio unaonitia hofu.

Kama nimekukosea zaidi ya ninavyojua, niambie. Kama u mgonjwa, mwambie binamu anipigie. Nadhani hilo linaruhusiwa kwa simu.

Mwanao.


12 Juni

Mwanangu,

Si mgonjwa. Tumbo zima, macho mazima, na mwenye meno sasa anayo manne na amejifunza kuwauma wageni tu, jambo linaloonyesha kwamba malezi yanafaulu. Pole kwa kukukalisha roho juu. Barua yako niliisoma, nikaiweka chini, nikatembea. Nilitembea zaidi ya nilivyokusudia.

Nitakueleza kwa mpangilio. Nilipofika mahali pa hukumu yako, nilicheka peke yangu jikoni hadi binamu yako akaja kuangalia kama nina homa. Nilikuona wazi, ukiwa na koleo, na ndugu yangu juu ya kigoda. Kisha kicheko kilipokwisha nilibaki na kitu ambacho sikukitarajia. Mlikuwa mmemwadhibu mratibu wenu kwa kanuni niliyoitunga mimi, mkawarudisha wa Mlimani kutoka mlangoni, mkafunga kikao, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuniuliza kama inafaa. Nilifurahi sana. Na furaha hiyo iliniuma siku nyingi.

Hapa nilipo mimi ni bibi wa ghorofa ya tatu. Huko kwenu, mgeni akiuliza njia huambiwa apinde kwenye mikaratusi ya Mwenyekiti. Miti ile niliiachia kazi ya kuwakumbusha kwamba nilikuwapo, na ulipoanza kuizungukazunguka katika barua zako niliona kama mnataka kuwaachisha kazi watumishi wangu wa mwisho. Ndiyo sababu, wala hakuna nyingine. Habari ya kuni na nguzo niliyokuandikia ni ya kweli tupu, lakini haikuwa sababu.

Usinielewe vibaya, sisemi kwamba nilikosea. Miti ile iliitwa kufanya kazi, ikaifanya, na sasa kazi imekwisha. Hata mimi nilistaafu, wala hakuna aliyenikata.

Sababu nyingine ya kuchelewa ni ua wa nyuma. Korongo lile lilifika mahali ambapo ukuta wa choo ulianza kuinama kama mtu anayesikiliza siri, nami nikaona nimekwisha kunyamaza vya kutosha. Niliwaita wapangaji kwenye ngazi, jioni, kila mtu na kiti chake. Tumeweka vizuizi vya matofali yaliyovunjika, tumechimba mfereji wa pembeni, na tumepanda majani kwenye ukingo. Dereva wa lori wa ghorofa ya chini alipinga mpango wote kwa ufasaha, kisha akaleta toroli. Msusi wa ghorofa ya pili ndiye katibu, mwandiko wake ni mzuri. Mimi wamenichagua mwenyekiti, na sitakudanganya kwamba niligoma sana. Mvua za mwisho zilipita pale pasipo kuchukua hata konzi moja ya udongo.

Nitakuja wiki ya pili ya Julai, kwa siku nne. Noa panga. Na wajumbe waambie kwamba Mwenyekiti amekubali. Sasa hilo neno ni lako, litumie.

Shangazi yako.


9 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tunashukuru kusikia kwamba ulifika salama na kwamba katika muda wote wa kutokuwapo kwako kikundi cha ua hakikupigana. Huku ndama ameachishwa kunyonya, na baba, tangu ulipomsema mbele ya watu, anakwenda shambani na kigoda.

Sitakusimulia siku ile, maana ulikuwapo. Nitakuambia tu kwamba pigo lako la kwanza watu wanalizungumza hadi leo, na wengi wanaapa kwamba mti ulitikisika hadi kileleni, nami sikuona sababu ya kuwasahihisha. Tena wanasema uliketi pale na msumeno ukilia hadi mti wako wa mwisho ulipolala chini, pasipo kugeuza uso, kisha ukaomba maji ya kunywa.

Nitakusimulia ambacho hukukiona. Siku ya pili baada ya basi lako kuondoka ilikuwa zamu ya Tarumbeta. Tulikusanyika asubuhi, wa Mlimani wakiwa na miche mabegani, wa Bondeni wakiwa na majembe. Yeye alisimama mbele ya mti wake wa kwanza, akageuka, akaomba dakika mbili. Watu kwa uzoefu wao waliketi chini, na mama mmoja alimtuma binti yake akaepue sufuria. Tarumbeta akaweka kiganja juu ya gome la mti. Akakaa hivyo. Hakusema neno, Shangazi, hata moja, na zilikuwa dakika mbili kweli. Kisha akachukua panga akapiga, akatupisha. Wengine walimfuata siku hiyo hiyo, hadi ikawa wanabishana nani atangulie.

Wa Mlimani wamepanda mikuyu upande wa juu na mianzi upande wa chini, na habari ya kijito cha juu haijatajwa tena. Baada ya kazi msemaji wao aliingia kwenye mashine ya Mama Mashine akasaga mahindi yake kule, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu Aprili.

Kuhusu maji, nitakuambia kama yalivyo. Ni yale yale. Ndoo bado inajaa polepole. Bwana Shamba amechuchumaa pale mara kadhaa, anasema tuhesabu misimu, si siku. Akina mama wanalalamika kwamba kivuli hakuna, lakini wameanza kuanika nguo juu ya visiki, na mahali pamekuwa pa wazi kiasi kwamba ukiwa kisimani unaweza kumwona anayekuja kutoka mbali, ukabadilisha mazungumzo kwa wakati.

Liko jambo la mwisho. Jumapili, kwenye ghala, walikiweka kiti chako mbele kama kawaida, wamekifuta vumbi, na hakuna aliyekikalia. Mwishoni Mama Mashine aliuliza Mwenyekiti atarudi lini kuishi. Wote wakanitazama. Jibu nilikuwa nalo kichwani, maana niliona siku ile ulivyozifunga picha zako za ukutani kwenye kanga, na ulivyompa mke wangu ufunguo pasipo kumwambia ni wa kutunza au ni wa kukaa nao. Lakini sikukujibia. Niliwaambia nitakuuliza.

Shangazi, utarudi?

Mwanao.


30 Agosti

Kwa wajumbe wa vikundi vyote tisa, kwa mkono wa mratibu wenu, ambaye namwomba asimame palipo na mwanga na asome polepole.

Ndugu zangu, nawaamkia wakubwa, nawapokea wadogo. Mmeniuliza kama nitarudi kuishi kwenu, na mmeniuliza kwa njia iliyo sahihi, kwa hiyo mnastahili jibu lililo wazi. Sitarudi. Nitakuja kuwatembelea, nitakula kwenu, nitapita juu ya matuta yenu nikitafuta makosa, lakini kuishi nitaishi huku, kwa mwanangu na mjukuu wangu, mahali ambapo pia kuna udongo unaotaka kukimbia na watu wanaojifunza kuuzuia.

Nilichelewa kuwaambia kwa sababu nilikuwa sijajiambia. Siku ile nilipoketi pale chemchemini, nilidhani nitaona mwisho wa kitu. Badala yake niliwaona mkigawana zamu, na mtu wa Mlimani akimshikia mtu wa Bondeni kamba, wala hakuna aliyegeuka kunitazama kama anafanya sawa. Nilirudi kwenye basi mwepesi kuliko nilivyokuja.

Maji bado hayajaongezeka, nimeambiwa, na nimefurahi kwamba nimeambiwa hivyo. Yatakapoongezeka nijulisheni. Yasipoongezeka pia nijulisheni.

Kiti changu msikihifadhi. Chagueni, na atakayechaguliwa akikalie siku hiyo hiyo.

Na wewe, mwanangu, hapa acha kusoma kwa sauti. Ufunguo ni wa kukaa nao. Mwambie mke wako ahamishe vyombo kabla ya mvua, nyumba ile ni kubwa kwa fagio peke yake. Utakapomaliza kuisoma barua hii, ghala litanyamaza. Usiwajibie wala usiwatulize. Waache wanyamaze kadiri watakavyo, kisha soma ajenda inayofuata.